Mtindi Wako Hauna Kosa

Nyasubi, Kahama
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Dada yangu mpendwa Esta,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe pamoja na Mama na watoto, na kile kikohozi alichokuwa nacho Mama kipindi cha baridi kiwe kimemwachia. Sisi huku tu wazima. Wifi yako Noela hajambo, anakuamkia. Limi hajambo pia, ameshika nafasi ya nne darasani, ila anasema wale watatu waliompita wanapendelewa. Mimi nimepungua kilo sita. Usishtuke, siumwi, na sababu utaikuta humu humu.

Najua utashangaa mtu mzima kuandika barua zama hizi. Nimekupigia simu miezi miwili, mpaka yule dada anayesema mteja hapokei tumeanza kuzoeana. Kwa Mama nisingeweza kulisema jambo hili, maana simu yake unaijua: akipokea tu anaweka sauti ya nje, na nusu ya Tinde inakaa kimya kunisikiliza. Mara ya mwisho nilimuuliza kama tumbo lake limetulia, akanijibu mwanamume nisiyemjua kwamba limetulia. Ndiyo maana nimempa Sesilia wa kwaya yetu barua hii mkononi, kwa kuwa anakuja huko kwa wazazi wake. Nakuomba uisome peke yako, na uisome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati. Utakasirika.

Unakumbuka ile Jumamosi ya tarehe sita Julai, kwaya yetu ilipotimiza miaka ishirini na mitano. Ulifika na madumu yako mawili ya mtindi, ukanikuta nimesimama mlangoni mwa banda la kuku najisifu mbele ya wageni. Nilikuwa mwenyekiti wa kwaya, sherehe inafanyika kwangu, na kuku arobaini nilikuwa nimejitolea mwenyewe. Kuku wenyewe uliwaona, kila mmoja ana kifua kama askari wa gwaride. Watu wote hapa mtaani walikuwa wananiita Dokta wa Kuku, kwa sababu kuku wa wenzangu wakifa, wangu wanazidi kunenepa. Wakiniuliza siri yangu nilikuwa natabasamu tu, kama mtu aliyeoteshwa. Siri yenyewe utaijua sasa hivi.

Jirani yetu Akida alichinja ili kila mgeni ale kwa amani, kuku wakakaangwa wakaiva vizuri, wali ukatoka, kachumbari ikajaa beseni zima, na wazee wakakaa kivulini na mtindi wako na ugali. Mzee Bujiku alikunywa vikombe vinne, akasema tangu ameoa hajawahi kuheshimiwa kiasi hicho. Mpaka jioni kila kitu kilikuwa furaha tupu.

Jumapili wewe ulibaki nyumbani kuosha masufuria, kwa hiyo yaliyotokea kanisani hukuyaona, na nadhani hakuna aliyekusimulia vizuri kwa sababu kila mmoja anaona aibu ya sehemu yake. Acha nikusimulie mimi.

Kwaya ilivaa sare mpya, nyeupe tupu. Hilo peke yake lilikuwa kosa, ila hatukujua. Tukasimama watu thelathini na wawili kuimba wimbo ambao Mwalimu Deusdedit aliutunga mahususi kwa siku hiyo, unaosema sisi hatutaondoka mahali hapa hata dunia itikisike. Ubeti wa kwanza uliimbwa vizuri. Kwenye ubeti wa pili besi mmoja alitoka kwa mlango wa pembeni, anatembea kwa hatua fupi fupi, magoti yamebanana. Akafuatwa na wawili. Kisha sauti ya pili nzima ikaanza kupungua. Kila tulipofika kwenye kiitikio tunasema hatutaondoka, mtu anaondoka. Mwalimu alikuwa ametuelekezea uso sisi, mgongo kwa waumini, na mimi niliona jasho linamtiririka, mikono yake inapiga haraka kuliko wimbo, kama mtu anayefukuza nyuki. Tulipofika ubeti wa nne tulikuwa tumebaki saba, na Sesilia aliimba sauti ya kwanza huku ameshikilia nguzo. Vyoo vya kanisa ni viwili, unavijua. Huko nje foleni ilikuwa ndefu kuliko ya kwenye sadaka.

Mchungaji naye alikuwa amekula kwangu. Alipanda mimbarini, akasoma neno, akahubiri dakika nne, akatoa baraka akiwa tayari anashuka ngazi. Waumini ambao hawakuja kwenye sherehe mpaka leo wanasema yale ndiyo mahubiri bora tangu ahamie hapa.

Mimi nilikimbia nyumbani, nikarudi na kopo la vidonge vya rangi mbili. Nikamgawia kila mgonjwa viwili viwili, nikawaambia viwili vinatosha, vikizidi vinachosha mwili. Walinishukuru. Dokta wa Kuku, Dada, ameanza kutibu watu. Wewe mwenyewe uliniona naingia kuchukua kopo, ukaniuliza naenda wapi na dawa zote zile, nikakuambia nakwenda kuokoa kwaya.

Jumatatu asubuhi wanakamati wakakusanyika uani kwetu, wale wenye nguvu ya kutembea. Kila mtu alitaka kujua ni chakula gani kimetuumiza. Wewe ulikuwa ndani unafunga mizigo. Ukasikia neno maziwa kupitia dirishani, ukatoka mbio na kanga kiunoni, na uliyemkuta amesimama katikati, mdomo wazi, ni Noela. Ukamtazama yeye. Ukasema umekunywa vikombe vitatu vya mtindi huo na huna hata kichefuchefu. Mtu akajibu kwamba wewe umeuzoea. Hapo ukabeba madumu yako ukaondoka bila kula, ukapanda gari la saa tano, na tangu siku ile hujapokea simu ya mtu yeyote wa nyumba hii.

Nimesikia na yaliyofuata. Kwamba habari ilifika Tinde kabla yako, na wateja wako wa pale stendi wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, na kuna mama mmoja anayeuza michembe ya viazi aliyekuwa anawaonyesha watu meza yako kwa kidole. Sesilia ndiye aliyeniambia. Siku hiyo sikula.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada ya wewe kuondoka.

Wengi walipona wenyewe kati ya siku nne na siku sita, kwa maji ya chumvi na sukari na kwa neema ya Mungu. Rangi mbili zangu hazikusaidia mtu. Lakini Mwalimu Deusdedit hakupona. Unajua ana miaka sitini na saba na ana kisukari. Alikwenda duka la kwanza la dawa akapewa vidonge, akanywa siku mbili akaacha. Duka la pili wakampa vingine, vikali zaidi, akaviita kwa heshima kabisa, "sipro". Homa ikapanda badala ya kushuka. Ijumaa alikuja mazoezini amevaa koti la baridi saa nane mchana, akainua mkono kutupa sauti, akaanguka kifudifudi juu ya kinanda. Kinanda kikalia chenyewe mpaka tulipomwinua.

Alilazwa siku kumi na sita. Dada, huko hakukuwa na kucheka. Wiki ya kwanza alikuwa hatutambui. Mkewe alikaa kwenye benchi la nje na kibeti chake mapajani, na kila nilipofika aliinuka kunishukuru kwa kuja, na kila aliponishukuru nilitamani ardhi inimeze. Siku moja Mwalimu alifungua macho, akaniona, akanipa ishara nisogee. Nikainama. Akaniambia kwa sauti ya kukwaruza, "Mwenyekiti, nikifa, ule wimbo msiuimbe." Nikacheka na kulia kwa pamoja, nesi akanitoa nje.

Daktari alikuwa amechukua choo na damu yake, vikapelekwa maabara kuoteshwa ili waone ni kijidudu gani na kinasikia dawa ipi. Majibu yalipotoka aliniita mimi, kwa kuwa mke wa Mwalimu alisema mambo ya kusoma nisome mimi. Akanionyesha karatasi yenye orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa limeandikwa neno sugu. Sugu, sugu, sugu, mpaka karibu na chini kabisa. Akanieleza kwamba ni bakteria wa tumboni anayeingia kwa chakula, na kwamba mzee ameangukiwa na mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, bakteria huyu ni mkali. Wapo wanaopita tumboni kama wageni wastaarabu, wanaaga wanaondoka, lakini huyu anang'ang'ania ukuta wa utumbo, anautoboa, na kwa mtu dhaifu anapenya mpaka kwenye damu. La pili, ni sugu, yaani dawa zilizokuwa zinamuua zamani sasa anazioga. Akasema usugu huo hauji hivi hivi. Mahali fulani kuna mtu amekuwa akiwapa bakteria hawa dawa kidogo kidogo kila siku. Wanyonge wanakufa, wabishi wanabaki na kuzaana, mpaka ukoo mzima unakuwa wa wabishi.

Nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja, Dada, kwa sababu macho yalikuwa kwenye ile orodha. Majina yale nilikuwa nayajua yote. Yalikuwa kwenye rafu ya banda langu la kuku, mengine kwa mpangilio ule ule.

Ndiyo hiyo siri ya Dokta wa Kuku. Kila asubuhi, kabla kifaranga hajaumwa hata mafua, nilikuwa natia dawa kwenye maji yao. Ile ya unga ya mifugo, na ikiisha nafungua rangi mbili za binadamu, na wiki ambazo naona wamepooza kidogo nawawekea na sipro. Nilikuwa naita kinga. Wale arobaini wa sherehe walikunywa dawa mpaka asubuhi ya kuchinjwa. Na lile kopo nililokimbilia kanisani kuwagawia watu lilikuwa kopo la kuku.

Daktari akaniuliza kama Mwalimu anafuga. Nikasema hapana, ninayefuga ni mimi. Lilitoka lenyewe. Akaweka kalamu chini, akasema nikae.

Namshukuru Mungu ilibaki sindano moja mwishoni mwa orodha ambayo bakteria yule alikuwa hajawahi kukutana nayo. Walimchoma kwa siku nyingi, na taratibu homa ikashuka. Siku alipoomba uji, mkewe alipiga vigelegele wodi nzima, wakadhani kuna aliyejifungua.

Wiki hiyo hiyo akaja afisa afya, dada mmoja mdogo wa umbo anaitwa Suzana, na daftari kubwa kuliko yeye. Akapita kwa kila aliyekuwepo kwenye sherehe kuuliza amekula nini na ameharisha mara ngapi. Besi wetu mmoja, baba wa watoto sita, alijificha nyuma ya nyumba akamtuma mkewe aseme mara moja tu, na mkewe akasema mara moja tu ndiyo aliyotoka chooni. Suzana hakucheka. Aliandika. Alipofika kwa Mzee Bujiku na wenzake wa kivulini, akakuta watu kumi na mmoja ambao hawakuumwa hata kidogo. Akawauliza walikula nini. Mzee Bujiku akafungua kinywa chote kumwonyesha. "Ng'wanawane, mwanangu," akamwambia, "kwa fizi hizi nitafune kitunguu? Sisi tulikunywa maziwa."

Kumi na mmoja, Dada, wote mapengo, wote wamekunywa mtindi wako mpaka dumu la kwanza likaisha, na wote wazima. Walioumwa ni waliokula kachumbari, kila mmoja wao. Hata mtoto wa Akida ambaye alikula kachumbari tupu na hakugusa maziwa aliumwa.

Suzana akarudi kwangu akaniuliza kachumbari ilitengenezewa kwenye chombo gani. Noela akamwonyesha lile beseni la bluu. Akauliza lilitumika kwa kazi nyingine siku hiyo? Noela akasema liliwahi kuoshewa kuku wabichi, lakini alimtuma mume wake alisugue kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukata nyanya, na mume wake akamhakikishia amelisugua. Wote wawili wakageuka kunitazama. Dada, mimi siku ile nilikuwa na wageni wa kuwapigia porojo. Nililisuuza kwa maji baridi, mara moja, nikalirudisha nikasema tayari.

Wakachukua na kinyesi cha kuku bandani. Bakteria akatoka yule yule, mkali yule yule, na sugu kwa dawa zile zile.

Nimeambatanisha humu karatasi aliyoiandika Suzana, ina sahihi yake na mhuri. Inasema wazi kwamba mtindi haukuhusika. Ibandike pale mezani kwako, na yule mama wa michembe umsomee kwa sauti.

Mbele ya kwaya nilikiri yote: dawa, kopo, beseni. Wamenivua uenyekiti. Sasa mimi ni msimamizi wa kuosha vyombo katika kila shughuli ya kwaya kwa mwaka mzima, na Sesilia ndiye anayenikagua, ananusa kila sufuria kama mtu wa forodha. Mwalimu alipotoka hospitali nilimwendea kumwomba radhi nikiwa nimepiga magoti. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha hakuniongelesha wiki mbili. Zilikuwa ndefu kuliko siku kumi na sita za hospitali. Jumapili ya tatu alinipungia mkono nirudi kwenye mstari wa besi.

Kuku waliobaki, mia mbili na zaidi, nilikataa kuwauza. Alikuja mteja wangu wa kule machimboni na gari tupu, nikamweleza sababu, akadhani nimerukwa na akili, akaondoka na kunitangaza. Bwana mifugo akanifundisha upya kama mtoto: chanjo kwa wakati, maranda makavu, maji safi, viatu vya bandani visitoke bandani, na dawa ni mpaka aje yeye aseme ipi na siku ngapi. Nimebeba mbolea na kusugua sakafu kwa mikono yangu mwezi mzima. Kilo nyingine kati ya zile sita zimepotelea humo, na nyingine kwenye hili ninalotaka kukuambia sasa, maana yote niliyoandika mpaka hapa watu wanayajua. Hili ndani ya ukoo tunalijua wawili tu, mimi na Noela.

Siku ile ya Jumatatu uani, aliyesema "labda ni maziwa ya Dada Esta" hakuwa Noela. Nilikuwa mimi.

Sikuwa na uhakika bado wa kuku wala beseni. Ila watu walianza kutazama banda langu, mmoja akauliza wale kuku walikuwa wazima kweli, na moyo ukanilipuka. Nikatamka la kwanza lililokuja kinywani, na lililokuja lilikuwa jina lako. Dada uliyenibeba mgongoni, uliyeacha shule mwaka mmoja ili mimi nianze. Noela alikuwa kando yangu, akafungua mdomo kunipinga, na sekunde hiyo hiyo wewe ukatoka mlangoni. Ukauona mdomo wa Noela uko wazi. Mimi wangu nilikuwa nimeshaufunga.

Na hapo ningeweza kusema. Uliporusha maneno yako kwa Noela, akanitazama mimi, akasubiri. Nikaangalia kuku. Naye hakusema. Miezi miwili, Dada, ukoo mzima umemsema kwamba ni mke wa fitina, Mama amemkatia simu, hata harusi ya binti wa mjomba hakualikwa, naye hakusema hata kwa mama yake mzazi. Jana nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akasema alikuwa anasubiri aone nitachukua muda gani.

Nimekosa kwako na nimekosa kwake. Siombi unisamehe kwa haraka, na Jumamosi ijayo nitakuja Tinde mwenyewe kusema maneno haya mbele ya Mama, mbele ya meza yako, na mbele ya yeyote atakayependa kusikiliza. Sauti ya nje safari hii ataiweka Mungu.

Nisalimie Mama, mwambie shikamoo yake nitamletea mkononi. Wasalimie watoto wote na shemeji. Mwalimu Deusdedit anakusalimu sana na anauliza kama dumu la pili liliisha, maana yeye hakulionja. Limi anakuamkia.

Ombi langu ni moja tu. Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi, hata kunitukana. Mpigie Noela. Ameiweka simu dirishani tangu asubuhi, kwenye kona ile ambayo mtandao haukatiki, na anajifanya anafuta vumbi.

Ni mimi mdogo wako,
Boaz